Jogoo kwa Bei ya Korongo

Nchi nzima iliujua mgongo wa Khampan, na hakuna aliyemjua Khampan. Waigizaji wazuri wa Bangkok walipotakiwa kurukia bajaji iliyo katika mwendo, kupita katikati ya moto au kupigwa teke la kuwatupa dirishani, aliitwa yeye. Alivaa nguo zao, akachanwa nywele kama zao, akaruka, akaungua, akatupwa. Kisha mwenye uso alikuja kusimama palepale alipoangukia, akahema kidogo mbele ya kamera, na watu kumbini wakapiga makofi. Khampan hakuona wivu. Alikuwa mtoto wa wakulima wa mpunga wa Buriram, na kuanguka kulimlisha kuliko shamba lilivyomlisha baba yake.

Filamu hii ilikuwa tofauti, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifanya iwe tofauti.

Mwongozaji alikuwa mwanamke aliyeitwa Piyanut, mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo, ambaye waangukaji, wenzake Khampan wa kazi, wote walimwita dada. Alifika Buriram na malori, mataa, na gofu zima la hekalu la kale lililochongwa kwa povu gumu na kupakwa rangi ya mawe. "Dunia inatujua kwa mateke," aliwaambia siku ya kwanza. "Wanaona goti, kiwiko, damu, basi. Mimi nataka waone kinachotangulia. Waone mtu wetu anavyomsujudia mwalimu wake kabla hajainua ngumi."

Aliposikia hayo, moyo wa Khampan uliruka kuliko alivyowahi kuruka mwenyewe.

Kabla ya pambano la muay, ndondi yao ya ngumi na mateke, mpiganaji hucheza. Zumari hulia, matoazi hugongana, naye huzunguka ulingo polepole na kuinama upande alipo mwalimu wake. Kila kambi ya zamani ilikuwa na ngoma yake, na kwa ngoma hiyo mtu alijulikana ametoka mikononi mwa nani. Ngoma ya Khampan iliitwa Korongo Mjane, ndege aliyempoteza mwenzake akawa anamtafuta katika mashamba yaliyofurika maji. Ilikuwa ya Mwalimu Phuang wa kijiji cha Nong Takian, naye aliipokea kwa mwalimu wake, na huyo kwa wake, mpaka majina yanapoishia.

Wanafunzi wa Mwalimu Phuang walikuwa wengi hapo zamani. Mmoja alimalizwa na pombe, mwingine alikimbilia teksi, wengine walihamia kambi za mjini ambako ngoma zote zinafanana kama mikate ya tanuri moja. Aliyebaki nayo mwilini, nzima, alikuwa Khampan peke yake. Na mwalimu mwenyewe, tangu kiharusi kilipomwangusha wakati wa mavuno, alikuwa mtu wa kulala kwenye jamvi chini ya nyumba yake ya nguzo, nusu ya mwili imekufa, na ulimi umekufa wote.

Kwa hiyo Khampan alimwendea Piyanut akaweka sharti. Katika hadithi ya filamu palikuwa na mwanguko kutoka juu ya mnara wa gofu, mwanguko ambao waangukaji wengine waliutazama wakaanza kukohoa.

"Nitaanguka mimi, dada," alisema. "Lakini kabla ya pambano ichezwe ngoma ya mwalimu wangu, na atakayeicheza ni mimi. Nzima. Usiikate popote."

"Nzima ina urefu gani?"

"Urefu wa kula bakuli la tambi bila haraka."

Piyanut akacheka. "Watazamaji watalala, kaka."

"Wakilala, watashtukia kwenye pambano."

Alimtazama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Haya. Nzima. Nakuahidi." Na ahadi hiyo, haki ya Mungu, aliitimiza.

Khampan aliondoka pale kifua mbele. Mwili wake ungezeeka, siku moja ungechomwa kama miili yote, lakini filamu haizeeki. Vijana wangeiona ngoma, wangeuliza imetoka wapi, wangekuja Nong Takian kuinama. Hivyo ndivyo alivyoipanga kichwani mwake.

Lilibaki jambo moja. Katikati ya Korongo Mjane, mpiganaji anaposimama kwa mguu wa kushoto peke yake, palikuwa na hatua iliyoitwa hatua ya nyumbani. Ulingoni ilifanywa kwa kuwapa watu mgongo. Haikufundishwa kwa mtu ambaye hajapiga magoti mbele ya mwalimu na sinia la maua, ubani na mshumaa. Mwalimu Phuang hakuwahi kuieleza kwa neno hata moja. Alimtia Khampan hatua hiyo kwa mikono yake, kidole kwenye nyonga, kiganja kwenye shingo, pumzi karibu na sikio, mpaka asubuhi moja mwili ulipoifuata wenyewe. Je, hatua hiyo nayo ingeonyeshwa kwenye kamera?

Akaenda kuomba ruhusa. Sawai, binti wa mwalimu, alikuwa anamlisha baba yake uji wa mchele.

"Umekonda," Sawai alisema bila kugeuka. "Hao watu wa sinema hawakulishi?"

"Wananilisha, dada. Tatizo naangukia tumbo."

"Mpumbavu wewe. Kaa."

Khampan alingoja uji uishe. Kisha akaweka sinia kwenye jamvi, akawasha mshumaa, akaunganisha viganja na kuinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. "Mwalimu, wanataka kuiona ngoma yetu. Itaonekana nchi za watu wote. Nimekuja kuomba ruhusa."

Jicho la mzee lililokuwa zima lilimtazama. Mkono wake mzima ukasogea juu ya jamvi, ukaligusa sinia, ukatulia. Ruhusa ilikuwa imetoka.

"Na hatua ya nyumbani, mwalimu? Niicheze mbele ya kamera?"

Mzee akafumba macho.

Khampan akangoja. Nzi alitua ukingoni mwa sinia, akatembea, akaruka. Macho hayakufumbuka.

"Amelala," Sawai alisema, akikusanya vyombo. "Akishiba uji hulala."

"Hajalala. Amelifumbia macho swali langu."

"Khampan, huyu ni mgonjwa aliyeshiba."

"Dada, mimi ni mwanafunzi wake. Nayajua makatazo yake."

"Na mimi ni mwanawe. Naujua usingizi wake." Akamtazama sasa. "Kaa basi, aamke, umuulize tena."

Hapo ndipo Khampan alipotikisa kichwa. Katika kambi ile mwanafunzi hakumuuliza mwalimu jambo moja mara mbili. Ilikuwa sawa na kumwambia jibu lako la kwanza halina maana. Alikuwa amelelewa hivyo tangu akiwa hawezi kufunga kamba za ngumi peke yake, na kwake ilikuwa ndiyo adabu yenyewe. Akainama tena, akazima mshumaa, akaondoka mzee akiwa bado hajafumbua macho.

Kesho yake, jua lilipopanda kidogo juu ya gofu la povu, walipiga picha za ngoma. Phupha, mwigizaji mkuu, kijana mzuri mwenye adabu, alimjia akiwa amevaa nguo zilezile.

"Kaka, nimejaribu kusimama kwa mguu mmoja bafuni. Nimeangusha sinki."

"Basi acha miguu kwangu," Khampan alisema. "Wewe tunza uso, ndio wenye mkataba." Watu wa mataa wakacheka, na Phupha akacheka kuliko wote.

Zumari likaanza. Khampan alizunguka, akapiga magoti, akainama kuelekea Nong Takian. Akainuka polepole kama ndege anayetoka majini. Akafika kwenye mguu wa kushoto.

Shimo halikuweza kuachwa pale, kwa sababu zumari lilikuwa linaendelea. Tangu jana alikuwa ameshachagua cha kuweka. Alipokuwa kijana, alifanya kazi katika onyesho la watalii huko Pattaya, akicheza jogoo mpumbavu aliyenyeshewa na mvua. Jogoo yule alisimama kwa mguu mmoja, akatoa kifua, akafungua mikono yote miwili kama mbawa, akatikisa vidole kukung'uta maji, akageuka. Wazungu walipasuka mbavu. Sasa Khampan alimchukua jogoo yule akamweka mahali pa hatua ya nyumbani. Alimpunguza kasi. Alimtia huzuni usoni. Alifungua mikono mbele ya jua, akatikisa vidole taratibu, akageuka, kisha akairudia ngoma ya kweli na kuimaliza.

"Kata!"

Makofi yakalia. Mama wa vipodozi alikuwa anajifuta macho. Piyanut alikuja akiwa hana miwani, na bila miwani alionekana msichana tu.

"Pale ulipofungua mikono," alisema. "Kaka, pale! Hiyo ndiyo picha. Hiyo ndiyo filamu nzima." Kisha akageukia watu wake, akapaza ile sauti yake ndogo. "Nauliza mbele ya wote ili baadaye tusilaumiane. Kaka Khampan, ngoma ndiyo hii yote? Hakuna tulichoacha?"

"Ndiyo yote, dada."

Waliirudia siku nzima. Mbele, nyuma, juu ya winchi, chini kwenye nyasi. Kwa miguu tu, kwa mikono tu. Phupha alifundishwa mikono ya jogoo ili uso wake upigwe karibu. Khampan hakuchoka wala hakuogopa. Ngoma isiyo na hatua ya nyumbani haiiti roho ya mwalimu yeyote, alijiambia, basi na irudiwe mpaka kamera zipasuke.

Wakati wa kula, Uan alimkalia karibu. Uan alikuwa mwangukaji mwenzake, mnene kama lisemavyo jina lake la utani, na zamani huko Pattaya alicheza mke wa jogoo.

"Mzee, yule wa mikono si mume wangu?"

"Nyamaza ule."

"Ndiye! Yule aliyenyeshewa!" Uan akapaliwa na papai bichi la pilipili, akakohoa, machozi yakamtoka. "Mama yangu! Umewauzia jogoo kwa bei ya korongo!"

Khampan naye alicheka, alishindwa kujizuia. Kisha akakaza uso. "Hawajainama, hawapati. Atakayekuja kuinama nitampa kitu chenyewe. Kipo hapa." Akapiga paja lake la kushoto kwa kofi.

"Na ukifa je?"

"Kazi yangu ni kufa, Uan. Kila Jumatatu nakufa, Jumanne nipo kazini."

Siku mbili baadaye alipanda mnara. Kosa halikuwa la mtu. Maboksi ya kuangukia yalipangwa vizuri, na yeye mwenyewe aliyakagua, akakanyaga hapa na pale, akaridhika. Upepo haukuwepo. Alipaa, akajikunja, na katikati ya hewa akajua kwamba amejikunja kupita kiasi, kama mtu anavyojua neno limeshamtoka mdomoni. Aliangukia upande wa kushoto kwenye ukingo wa mwisho wa maboksi. Nyonga ilivunjika. Goti lilivunjika. Piyanut alikuwa wa kwanza kufika, alipiga magoti mchangani akimshika mkono, na Khampan alichoweza kusema ni, "Umeipata?"

"Tumeipata," alisema Piyanut, analia. "Tumeipata, kaka."

Madaktari walimtia vyuma. Walikuwa watu wema na hawakumdanganya. Angetembea na fimbo, walisema, na mguu ule usingebeba tena mwili wote peke yake.

Filamu ilitoka mwanzo wa mvua, naye aliiona kwenye televisheni ya wodi, kwanza vipande vya tangazo tu, halafu bango. Mtu anayeonekana kwa nyuma, mbele ya jua, mguu mmoja juu, mikono imefunguka. Jogoo. Lilikuwa kwenye mabasi, kwenye kuta za maduka, kwenye fulana. Ofisi ya utamaduni ililipa pozi lile jina, Korongo Afungua Mbingu, na bwana mmoja mwenye tai alieleza kwenye taarifa ya habari kwamba ndani yake mna roho ya taifa. Wapiganaji walilicheza katika ulingo mkubwa wa Bangkok. Wageni kutoka ng'ambo, wenye miguu myeupe na michoro mgongoni, walilicheza katika kambi za watalii, na walimu wao, walimu wa kweli wenye mvi, waliwarekebisha vidole.

Khampan alingoja wa kuinama. Walikuja waandishi wa habari wawili. Walitaka picha ya mikono.

Akampigia Piyanut simu.

"Dada, pale pa mikono si pa ngoma."

"Sijakuelewa."

"Nilipaweka mimi. Ni jogoo. Ni mchezo wa kuchekesha watalii. Hatua yenyewe niliificha."

"Nilikuuliza," Piyanut alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Khampan zaidi. "Nilikuuliza mbele ya watu wote, kaka."

"Uliniuliza."

"Basi nitaleta kamera. Wiki hii hii. Mimi na wewe tu, hakuna mataa. Ucheze ile ya kweli, nami nitaipeleka kila mahali ilipokwenda hii."

Khampan alitazama mguu wake uliokuwa umenyoshwa juu ya mto. "Kwa mguu upi, dada?" akauliza. Kisha mmoja wao akakata simu.

Mwalimu Phuang alifariki kabla mvua haijaisha. Khampan alitoka hospitali na fimbo yake, akaenda moja kwa moja Nong Takian. Uwanja wa hekalu ulikuwa umejaa. Mkuu wa wilaya alikuwepo, watawa walikuwepo, kipaza sauti kilikuwepo, maana sasa marehemu alikuwa mtu mkubwa, mwalimu wa ngoma iliyokwenda duniani. Jeneza lilikuwa juu ya jukwaa la kuchomea, limezungukwa na maua. Na chini yake, wamevaa kama Phupha, walikuwa wamejipanga watoto wa shule, wavulana na wasichana, tayari kumchezea. Aliyewafunza alikuwa Thirawat, kijana wa hapohapo kijijini aliyefundisha michezo shuleni.

Zumari likalia. Watoto wakazunguka, wakapiga magoti, wakainama. Walikuwa wazuri. Khampan aliyekaa mstari wa mbele aliona jinsi walivyoinuka kama wanaotoka majini, akaona kwamba karibu yote ilikuwepo, kweli ilikuwepo. Kisha wakasimama kwa mguu wa kushoto, wote pamoja, mbele ya jeneza la Mwalimu Phuang, wakafungua mikono, wakakung'uta mvua ya Pattaya.

"Hapana!" Alikuwa ameshasimama. "Sivyo! Acheni!"

Zumari likakatika katikati ya pumzi. Thirawat alikuja mbio, akaunganisha viganja, akainama. "Kaka, tumekosea wapi? Tumeiangalia filamu mpaka tumeikariri."

"Hapo pa mikono. Hapo si pa ngoma."

"Lakini ni wewe, kaka. Ule mgongo ni wako, hapa kijijini nani hajui?" Hakuwa na kejeli. Alikuwa kijana anayetaka kufanya sawasawa. "Basi tuonyeshe. Tutafuata."

Watu wote walimtazama. Katazo likamjia Khampan akilini, nalo akalitupa. Kama ni kosa, alisema moyoni, nitalibeba mimi. Alilaza fimbo kwenye kiti, akaenda mbele ya jeneza, akawapa watu mgongo, akainua mguu wa kulia.

Mguu wa kushoto haukungoja hata pumzi moja. Aliangukia viti, viti vikaangukia maua, na yeye, aliyeanguka maisha yake yote kwa ufundi, safari hii alianguka kama gunia. Wanawake walimwinua. "Huzuni imemzidi," bibi mmoja alisema, akimpangusa vumbi. "Mwacheni akae. Alimpenda sana." Mkuu wa wilaya akaashiria kwa mkono. Zumari likaanza upya, na watoto wakaanza tangu mwanzo.

Sawai alimshika mkono akampeleka kwenye jiko la hekalu, mahali wanawake walipokuwa wanapika, akawafukuza wote kwa jicho moja. Akachukua sinia, akaweka maua, ubani na mshumaa. Akapiga magoti mbele yake, yeye aliyekuwa mkubwa kwake kwa umri, akainama hadi chini.

"Dada, inuka."

"Siinuki. Baba hakunifundisha kwa sababu mimi ni mwanamke. Sasa wanaume wako wapi? Nionyeshe mimi. Miguu ninayo."

Khampan alimtazama, na hakupata ndani yake sababu yoyote ya kukataa. "Simama," alisema. "Mguu wa kushoto. Mgongo kwangu." Akakaa kwenye benchi nyuma yake, akanyosha mkono ili amwekee kidole kwenye nyonga, kama alivyowekewa yeye.

Hakujua pa kukiweka.

Alifumba macho aitafute hatua mwilini mwake. Aliianza kwa kukaa, mwili wa juu tu. Bega likaenda, shingo ikaanza, na mikono ikafunguka. Akairudisha. Akaanza tena mbali zaidi, tangu kutoka majini. Alipofika palepale, mikono ikafunguka. Siku nzima ya kamera, mbele na nyuma, juu na chini, ilikuwa imepita mahali pale kama malori yanavyopita juu ya njia ya mguu. Aliutafuta mguu wa kushoto, kwa sababu hatua ilikuwa inaanzia huko, uzito ukishuka nyongani shingo ilijua yenyewe pa kwenda. Nyongani alikuta chuma na maumivu.

"Shingo inakwenda wapi?" Sawai aliuliza, mguu mmoja juu, anatetemeka. "Kulia? Chini? Sema tu kwa mdomo."

"Hakunifundisha kwa mdomo."

"Sema unachokumbuka."

"Nakumbuka pumzi yake sikioni," alisema Khampan. "Ilikuwa na harufu ya tumbaku."

Sawai akashusha mguu. Alikaa benchini kando yake, akatazama masufuria.

"Nilimwonyesha filamu," alisema. "Kwenye simu yangu. Nilimwinua nikamwegemeza kifuani kwangu. Aliangalia vizuri, mkono wake ukifuata juu ya jamvi, unafuata, unafuata. Ulipofika pale pa mikono, mkono ukasimama. Akatoa sauti."

"Sauti gani?"

"Sijui. Hakuwa ametoa sauti tangu alipoanguka. Nikadhani ana kiu, nikampa maji, akayakataa. Akagusa simu. Nikamrudishia pale. Akatoa tena." Alipangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Alikuwa anaitafuta, Khampan. Akaitafuta, na hakuiona."

"Angekuwa ameikataza, asingeitafuta," Khampan alisema taratibu.

"Nilikuambia alikuwa amelala."

Hakumwambia kwa ukali. Aliinuka, akawaita wanawake wa jikoni warudi, kwa sababu watawa walitakiwa kula kabla ya moto.

Khampan alitoka nje. Watu walikuwa wanapita jukwaani mmoja mmoja kuweka maua ya msandali chini ya jeneza, naye akaweka lake, akasimama pale kwa muda ambao adabu inaruhusu, kisha akashuka ngazi kwa kushika reli. Hakuwa na la kumwomba mwalimu.

Chini, Thirawat alikuwa anawapanga tena watoto. Wangecheza mara ya mwisho moto utakapowashwa. Alipomwona alisita, akamsogelea kwa unyenyekevu wa mtu anayemwendea mgonjwa.

"Kaka, samahani. Ile nyingine, kama ipo, sisi hatuijui. Lakini hii tunayoijua, hutatuangalia? Isije ikawa hata hii tunaiharibu."

Watoto walikuwa wameshasimama kwa mguu mmoja, mikono imefunguka. Wengine waliyumba. Msichana wa mwisho kwenye mstari, mwembamba, uso umejaa jasho na poda, alikuwa amekaza meno asianguke, lakini kiwiko chake cha kushoto kilikuwa kinashuka, na vidole vyake vilitikisika haraka mno, kama mtu aliyeungua.

Moshi wa kwanza ukatoka kwenye dohani ya jukwaa. Zumari likaanza kulia. Khampan alijikongoja mpaka kwa yule msichana, akaweka fimbo chini ya kwapa, akamshika kiwiko.

"Kiinue," alisema. "Hivyo. Na vidole, taratibu. Amenyeshewa, hajachomwa."

"Hivi, babu?"

Hakuna aliyewahi kumwita babu. Alitazama mikono ile midogo iliyonyoka mbele ya moshi, akaisogeza kidogo tena, ikae sawasawa.

"Hivyohivyo," alisema. "Usiishushe."